Dhima ya Mtunza Kompyuta

Nimetakiwa niseme juu ya kazi yangu, nami nimeridhia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kazi ya kutunza mitambo ya kompyuta ni katika zile kazi ambazo watu wengi huneemeka kwazo ilhali wachache wanajua zinavyotendwa. Na hata mkuu wa afisi anayetoa ujira wa kila mwezi aghalabu hajui analipia nini, na kwa kutojua kwake hupunguza fungu pale ambapo halikustahili kupunguzwa, akaliongeza pale ambapo nyongeza haileti faida.

Makazi yangu ni Ruziba, kusini ya mji wa Bujumbura, upande wa Kanyosha, pale ambapo barabara iendayo Rumonge inapita baina ya vilima na Ziwa Tanganyika. Ukienda sokoni kwetu asubuhi utamwona mama anayeuza mukeke na ndagala akipokea fedha kwa Lumicash: simu inalia, anasoma maneno mawili matatu katika kioo chake, kisha anamkabidhi mnunuzi samaki wake bila ya wasiwasi. Imani ile ya mama yule ni kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe, maana imesimama juu ya mambo mengi asiyoyaona: ya kwamba mahali fulani seva ziko hai, ya kwamba hesabu yake imeandikwa mahali pasipopungua pawili, ya kwamba umeme ukikatika sasa hivi fedha yake haitapotea baina ya mkono unaotoa na mkono unaopokea, na ya kwamba yuko mtu, ambaye jina lake halitajwi popote, aliyekesha ili hayo yote yawe. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsemea leo. Yuko katika benki na katika hospitali, katika vyuo na katika mashirika ya dini, na katika afisi nyingi hana cheo kinachojulikana, huitwa "yule wa kompyuta" tu, basi.

Sisi wa rika la kwanza tuliingia katika kazi hii wakati nchi yetu ilipokuwa katika dhiki. Jina la Burundi katika intaneti, yaani zile herufi .bi, liliandikishwa mwaka 1996, mwaka ule ule ambao majirani zetu walitufungia biashara mipakani. Na kwa miaka mingi baada ya hapo barua pepe iliyotoka Bujumbura ilipaa kwanza hadi kwenye setilaiti, umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ndipo ikashuka katika nchi za mbali kutafuta njia yake, hata swali na jibu lake havikupata kuonana chini ya nusu ya sekunde, hata mitambo ingekuwa mizuri namna gani. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010, sisi tusio na bahari tulipaswa kungoja njia za nchi kavu kupitia Tanzania na Rwanda, na baadaye Burundi Backbone System ikaja kuunganisha mikoa yetu kwa nyaya za kioo. Ni neema adhimu, nami huikumbuka kila nionapo kijana akinung'unika kwa kuwa picha yake imechelewa kidogo kufunguka. Hata hivyo, neema hii ina mashaka yake: tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki zikaona intaneti imekuwa nzito ghafula, kwa jambo lililotukia chini ya bahari ambayo wengi wetu hatujapata kuitia macho. Ndiyo maana nakisifu kituo cha BDIXP, ambacho kusudi lake ni kwamba ujumbe wa mtu wa Ruziba kwenda kwa mtu wa Ngozi usilazimike kwenda Ulaya na kurudi, na ndiyo maana nawasihi wakuu wa afisi wasiweke ng'ambo kila walicho nacho bila ya kubakiza nakala moja hapa nchini.

Walakini mkongo uliokatika baharini ni msiba wa mara chache. Umeme ni shughuli ya kila siku. Kituo cha Rwegura kinatoa megawati 18, na cha Mugere, ambacho mto wake unashuka ziwani kusini ya kwetu, megawati 8. Ongeza tunachogawana na jirani zetu katika mto Ruzizi, na fungu letu katika megawati 80 za kituo cha Rusumo, bado haja ya watu ni kubwa kuliko kinachopatikana, na mgao wa umeme umekuwa sehemu ya maisha yetu. Basi ni wajibu nieleze jambo ambalo naona halifahamiki hata kwa watu wenye elimu. Betri zinazoshika seva umeme unapokatika hazikuwekwa ili kazi iendelee kama kwamba hapana lililotokea. Ziliwekwa hasa ili kazi ikome kwa utaratibu. Hazina ya data, wakati wote inapofanya kazi, huwa na habari ambazo zimo katika kumbukumbu ya muda na hazijakamilika kuandikwa juu ya diski, na mashine ikikatikiwa na umeme katika hali hiyo, yaweza kuamka ikiwa na hesabu nusu, risiti isiyo na malipo au malipo yasiyo na risiti. Kwa hiyo mtunza kompyuta, umeme unapokwenda, huanza kuhesabu dakika zake: kwanza huzimwa mashine za wafanyakazi, kisha programu wanazozitumia, kisha hazina ya data, na mwisho ghala la diski, na umeme ukirudi mambo hufuata kinyume chake, tena pasipo haraka, maana umeme unaorudi mara nyingi huja na nguvu ya ghafula inayounguza vyombo, na mwenye busara huungoja hadi utulie. Mkuu wa afisi anayesimama mlangoni na kuuliza kwa ghadhabu mbona taa zinawaka na kompyuta hazijawaka, ajue kwamba zile dakika anazoziona zimepotea ndizo zinazomhifadhia kazi ya mwaka mzima.

Na betri zenyewe zina adui ambaye hatumhesabu, nalo ni joto. Kwa betri za risasi, kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 hivi, umri wa betri hupungua takriban nusu. Na Bujumbura, mji uliokaa kando ya ziwa chini ya milima, chumba kisicho na kipoza hewa hufika nyuzi 30 na kupita bila ya taabu. Nimeona afisi zikimlaumu muuzaji kwamba betri zake ni hafifu, ilhali taksiri ilikuwa ya chumba kisicho na dirisha, chenye karatasi kuukuu zilizorundikwa mbele ya matundu ya hewa, na vumbi la kiangazi limejaa katika mapanga ya seva. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, ambayo jenereta hukaa bila ya kuwashwa na sisi wa Ruziba tumezoea kwenda mjini kwa miguu basi linapokosa petroli, rai yangu ni kwamba afisi ndogo isijitie katika gharama ya kuwasha kila kitu. Ichague mashine zile chache ambazo bila ya hizo hapana afisi, izipe sola na betri nzuri katika chumba chenye hewa, na zilizobaki zingoje umeme kama watu wanavyoungoja.

Kuna na radi. Eneo hili letu, na hasa milima ya mashariki ya Kongo ambayo sisi wa Ruziba tunaiona ng'ambo ya ziwa kila mbingu inapokuwa safi, ni katika sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Katika afisi moja ya kusini ya mji, ambayo sitaitaja, niliitwa baada ya mvua ya usiku nikakuta seva imeungua. Na nilipouliza nakala ya akiba iko wapi, nikaonyeshwa diski iliyokuwa imewekwa juu ya seva ile ile, imefungwa kwenye waya ule ule, nayo imeungua vile vile. Watumishi wa pale walikuwa watu waaminifu, na kila jioni walikuwa wakichukua nakala kama walivyoagizwa. Aliyewaagiza hakuwaambia kwamba nakala inayokaa pamoja na asili yake hufa pamoja nayo.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yangu, na sitaki kupapita upesi. Kusini ya Ruziba, pale Mugere, lipo jiwe ambalo wageni hupelekwa kulitazama, nalo limechorwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watu hupiga picha wakaondoka. Mimi tangu nilipojua habari ya karatasi za Livingstone, nimelitazama jiwe lile kwa jicho jingine. Katika mwaka huo Livingstone aliishiwa na karatasi na wino, akawa anaandika shajara yake juu ya magazeti kuukuu kwa wino wa tunda la porini, na maandishi yale yakafifia hata yasisomeke, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa miale ya namna mbalimbali na kuyafufua mwaka 2011. Katika miaka hiyo mia moja na zaidi, habari zenyewe zilibaki kwa sababu moja tu, kwamba mwenyewe alizinakili katika daftari jingine, na daftari hilo Stanley akaondoka nalo kwenda Uingereza mwaka 1872. Tena wataalamu walipolinganisha asili na nakala waliona kwamba hazikuwa sawa, hasa katika habari ya mauaji ya Nyangwe ya Julai 1871. Mtunza kompyuta aliyesoma kisa hiki amepata mafunzo yake yote mahali pamoja: andika mara mbili, peleka moja mbali, na usiiamini nakala mpaka umeilinganisha na asili.

Katika zama zetu kanuni hii imewekwa kwa tarakimu, na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, ndiye anayetajwa kwa kuieneza: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine. Kwa Bujumbura mimi nasema hiyo moja iwe Gitega, au mji wowote wa milimani, kwa sababu tumekwisha kuona maji ya ziwa yakipanda mwaka 2021 na tena 2024 hata yakaingia katika nyumba za watu kule Gatumba na Kibenga na Rumonge, na seva iliyokaa sakafuni katika nyumba ya bondeni haina sitara yoyote mbele ya maji hayo. Na tumeona moto. Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili asubuhi, soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wako wafanyabiashara ambao bidhaa na fedha zao zilikuwa mle mle kibandani, wasiwe na akiba mahali pengine popote. Waliokuwa na daftari ya madeni nyumbani waliweza angalau kumwendea mdeni wakamwonyesha anachodaiwa.

Ama juu ya kujaribu nakala, hapa hata wakubwa wa dunia wamepata kuadhirika. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, ilipoteza hazina yake ya data kwa amri moja iliyoandikwa mahali pasipo pake. Na walipotaka kurudisha walikuta kwamba katika njia tano za kuhifadhi walizokuwa nazo hapana hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutegemewa, wakaokolewa na picha ya mashine ambayo mtumishi mmoja alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine saa 6 kabla ya ajali. Nawaheshimu watu wale kwa jambo moja: waliyaeleza hayo yote hadharani, wakati wenyewe wakiwa bado katika jasho la kurekebisha, na hawakumtoa mtumishi yule aliyekosea awe kafara. Kampuni yenye mali na wataalamu ikiwa ilipatwa na hayo, je, zahanati ya mtaani ambayo haijapata hata mara moja kujaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala yake inajivunia nini?

Sasa niseme juu ya amana. Msimamizi wa kompyuta ni bawabu mwenye funguo za vyumba vyote, na wenye vyumba husahau kwamba anazo. Mshahara wa kila mtu, cheti cha mgonjwa, barua ya mume kwa mke, onyo la mkubwa kwa mdogo, vyote vimo katika mashine anazozitunza, na hapana ukuta unaomzuia kuvisoma ila dhamiri yake. Chama cha USENIX cha Marekani kimeandika kanuni za maadili za kazi hii, na miongoni mwake ni kwamba siri za watu zisifunguliwe isipokuwa kazi yenyewe imelazimisha, na aliyeziona azifiche. Nami naongeza kwa yale niliyoyaona: siri nyingi huvuja kwa mazungumzo tu, mtumishi aliyeona orodha ya mishahara akaitaja kwa rafiki yake mmoja wakiwa mezani. Kijana anayetaka kazi hii na hawezi kukaa na habari kifuani, namnasihi atafute kazi nyingine, hata kama kwa ustadi wa mikono hana mfano.

Juu ya maneno ya siri nina rai ambayo zamani ilipingwa na leo imekubaliwa. Kwa miaka mingi tuliwaamrisha watu wabadilishe neno la siri kila mara, tena liwe na alama na tarakimu zisizokumbukika, nao wakaliandika kwenye karatasi wakaibandika kando ya kioo; na mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikaacha ushauri huo, ikasema urefu ni bora kuliko ugumu, na watu wasishurutishwe kubadilisha bila ya sababu. Kwetu sisi lugha imetuneemesha: sentensi ndefu ya Kirundi au ya Kiswahili ambayo mtu ameitunga mwenyewe, isiyo methali wala aya, hukaa moyoni kwa urahisi na ni muhali kuikisia. Waama, hapa Bujumbura pana taabu moja ambayo vitabu vya Kimarekani haviitaji. Baba zetu walitufunza kuandika kwa taipureta za mpangilio wa Kifaransa, na mashine nyingi zinazotoka Dubai zina mpangilio wa Kiingereza, herufi A ikakaa mahali pa Q, na Z mahali pa W, na tarakimu zikahitaji kubonyezwa kwa namna nyingine. Basi mtu huandika neno lake la siri kwa usahihi kabisa na kompyuta ikamkana. Anapokuja kwangu na uso wa kufedheheka, namwambia hana kosa, kwa sababu kweli hana, na anayemcheka mtu wa namna hiyo hastahili kukabidhiwa watu.

Iko siku duniani ya kuwashukuru wasimamizi wa kompyuta, nayo ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Julai, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Ted Kekatos wa Chicago, naye ni mtu wa kazi hii hii. Shukrani ni njema. Lakini lililo bora kuliko shukrani ni mtu wa pili. Katika afisi nyingi za mji huu yuko mtunzaji mmoja peke yake, ambaye akiugua, au akihamia Kigali au Nairobi kutafuta ujira uliozidi, au ajali ikimpata barabarani, afisi nzima hubaki nje ya mlango wake yenyewe. Na wako miongoni mwetu, nasikitika kusema, wanaoficha maarifa kwa makusudi ili wasiweze kuondolewa. Jambo hilo ni khiyana. Aliyeficha namna ya kuwasha mashine ya zahanati amewawekea rehani wagonjwa wasiomjua, na hapana haki yoyote ya mshahara inayohalalisha jambo hilo, ingawa mshahara wenyewe kweli ni mdogo.

Kwa hiyo ninyi wakuu wa afisi, wa shule na wa zahanati mnaonisikia, nawaombeni jambo ambalo halihitaji fedha. Wiki hii mwiteni mtunzaji wenu, mkae naye kwa heshima, mchague faili moja ya mwezi uliopita, mmwambie airudishe kutoka kwenye nakala iliyo nje ya jengo, mbele ya macho yenu. Akiweza, muulizeni ni nani mwingine katika afisi anayeweza kufanya vile, na kama hayupo, mteueni mmoja siku hiyo hiyo. Asipoweza, msimgombeze, mpeni muda na chombo anachokihitaji, kisha mrudie jaribio hilo mwezi unaofuata. Na ninyi wenzangu wa kazi, andikeni kila mnachokijua katika daftari, kwa lugha ambayo mrithi wenu ataielewa, na maneno ya siri ya mitambo myatie katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akabidhiwe mkuu aiweke katika sanduku la chuma.